Waya wa Shaba Ndani ya Foni

Kila siku akitoka shule, Mayimuna hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja sokoni Kikula, sare ikiwa bado mwilini, akafungua mlango wa bati wa kibanda chao, akachukua kitambaa na kuanza kufuta foni. Vumbi la Likasi ni jekundu na halichoki. Mayimuna naye hakuchoka.

Foni ni redio inayopokea sauti na kuituma. Unabonyeza kitufe cha kipaza sauti na kusema, unamaliza kwa "À vous", yaani zamu yako, unakiachia na kusikiliza. Miaka ile ya tisini simu za mji zilikuwa zimenyamaza, barua zilipotea njiani, na treni ilikuja siku iliyojisikia kuja. Mtu mwenye ndugu Kalemie, Kongolo au Kamina hakuwa na njia nyingine. Alikuja kwenye foni, akakaa kwenye benchi, akasubiri zamu yake. Hakukuwa na siri hata kidogo. Kila kituo kilichokuwa hewani kilisikia kila neno, na watu walikuwa wamezoea kulia, kugombana na kuposa wake mbele ya masikio ya jimbo zima.

Foni hiyo ilikuwa mali ya mama yake, Mama Aicha. Aliinunua kwa padri mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa mashine ya zamani, nzito, yenye taa mbili kubwa za kioo ndani yake ambazo ziliwaka rangi ya chungwa ikipata joto. Mama Aicha alijifunza kuitumia peke yake, kisha akamfundisha binti yake. Watu walicheka. Walisema mashine ya namna ile si ya mwanamke, seuze mtoto wa kike wa miaka kumi na mitatu. Mama Aicha aliwaacha wacheke, na waliporudi kesho yake kuomba kuzungumza na ndugu zao, aliwapa kipaza sauti.

Mwezi huo Mama Aicha alikuwa Kalemie, akimuuguza bibi yake Mayimuna aliyevunjika nyonga. Foni aliiacha mikononi mwa mume wake, Papa Idrissa. Kila Jumamosi saa sita mchana, mama na binti waliitana hewani. Mayimuna aliishi wiki nzima akiingojea saa hiyo moja.

Kisha fyuzi ilianza kukatika.

Fyuzi, au fusible kama wasemavyo Likasi, ni kipande kidogo cha kioo chenye uzi mwembamba ndani. Umeme wote wa mashine hupita hapo. Ukizidi, uzi unayeyuka na mashine inazimika kabla haijaungua. Papa Idrissa aliweka mpya, ikakatika. Akaweka nyingine, nayo ikakatika. Mwishowe akafika kwenye boksi tupu, na benchi limejaa watu.

Sasa, huu ni mji wa shaba. Watoto wa Likasi wanachezea waya wa shaba kama watoto wa pengine wanavyochezea kamba. Papa Idrissa aliokota kipande cha waya chini ya meza, akakikunja, akakibana mahali pa fyuzi.

"Papa," Mayimuna alisema, "Mama alikataza. Alisema fusible ikikatika, kuko kintu inaikata."

"Mutoto, ona inje. Bantu banangojea." Papa Idrissa alitabasamu. "Likasi yote ilijengwa na shaba. Kawaya kadogo kama haka njo katatushinda?"

Foni iliwaka. Watu walipiga makofi, na Papa Idrissa aliinama kidogo, akafurahia sifa zake. Lakini Jumatano, katikati ya maneno ya dereva mmoja aliyekuwa anamtafuta kaka yake, harufu ya kuungua ikatoka nyuma ya mashine. Ukaja moshi mwembamba, kisha taa zote zikazimika.

Wateja walipoondoka, Papa Idrissa alifungua kifuniko kidogo cha nyuma, akautoa ule waya uliokuwa umebadilika kuwa mweusi, akautupa chini. Akarudisha mahali pake fyuzi ya zamani iliyokatika.

"Tutasema ni radi," alisema bila kumtazama binti yake. "Jana mvua ilinyesha, hata Mama yako ataamini. Hii inabakia kati yetu. Unasikia?"

Mayimuna alisubiri baba yake ageuke, akauokota ule waya na kuutia mfukoni. Hakujua ataufanyia nini, ila alijua kwamba hautabaki pale chini ukafagiwa pamoja na takataka.

Kesho yake Ricky akaja. Ricky alinunua shaba. Miaka ile kila kitu cha Likasi kilichosimama kilikuwa kinafunguliwa na kuuzwa vipande vipande, nyaya, mota, hata mabomba ya maji, na Ricky alikuwapo na mizani yake kabla mwenye kitu hajafuta machozi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchangamfu na alisalimia vizuri. Lakini alitazama kitu kizima akaona kilo tu.

"Papa Idrissa, pole," alisema, akiigonga foni kwa kidole. "Kintu ikikufa, imekufa. Lakini ndani kuko transfo muzuri, na ile transfo iko na shaba. Nitakubebea bei ya rafiki."

Papa Idrissa alikuna ndevu zake. Mayimuna aliona kwamba baba yake anafikiria kweli, na moyo ukamwaka. Aliruka benchi, akaikumbatia foni kwa mikono miwili.

"Haiuzwi," alisema.

"Mutoto, minye niko nasema na baba yako."

"Na minye niko nasema na weye. Foni ni ya Mama, na Mama hayuko hapa. Haiuzwi!"

"Mayimuna! Heshima!" baba yake alifoka.

"Niko na heshima, Papa. Lakini haiuzwi. Nitaleta muntu wa kuitengeneza."

Ricky alicheka mpaka tumbo likatikisika. Alisema vizuri, hana haraka, atarudi Jumamosi mchana na mizani. Ikizungumza, atanunua fanta kwa kila mtu. Ikinyamaza, ataibeba. Papa Idrissa akasema sawa, kwa sauti ya mtu anayetaka jambo liishe tu.

Mtu aliyekuwa kichwani mwa Mayimuna alikuwa Tantine Delphine, yaani Shangazi Delphine, kama mtaa mzima ulivyomwita. Alifundisha umeme katika shule ya ufundi, lakini kwa kuwa mshahara ulikuwa umesahau njia ya kwake, mchana aliuza samaki wakavu wa Kapolowe. Ulimi wake ulikuwa mkali, na wateja wa samaki walinunua kwake huku wakimwogopa. Mayimuna alimkuta akipanga mafungu yake na kumweleza shida kwa pumzi moja.

"Ricky anataka kuikata vipande?" Tantine Delphine aliuliza.

"Jumamosi, Tantine."

"Banakata mji muzima, na shiye tunaangalia tu kama kwenye sinema." Alifunika samaki wake kwa gunia. "Twende. Hii moja hawaikate."

Kibandani aliweka mfuko wa vyombo juu ya meza, akamsalimu Papa Idrissa, na kabla ya kugusa bisibisi akauliza.

"Papa Mayimuna, minye niko naulizaka kintu moja tu. Nani alifungula hii machine, na aliweka nini? Munambie bukweli. Machine ni kama mugonjwa. Ukinificha alikula nini, nitamupa dawa ya bule."

"Hapana muntu aliigusa," alijibu Papa Idrissa. "Ni radi."

Mayimuna alihisi ule waya mfukoni ukimchoma paja, ingawa ulikuwa baridi. Alifungua mdomo. Baba yake alimtazama, na mdomo ukafungika.

Tantine Delphine alikagua waya wa antena juu ya paa, akaukuta mzima. Akafungua kifuniko cha fyuzi, akaona imekatika. "Kama ni radi, labda imekula hii tu," alisema. Katika mfuko wake alikuwa na fyuzi moja ya kipimo kile. Moja tu. Aliitia, akawasha. Kukatokea mwanga mdogo wa samawati ndani ya kioo, mlio mfupi, na fyuzi ikafa.

Tantine Delphine aliitoa, akaishikilia mbele ya macho yake.

"Radi inapitaka mara moja na kwenda," alisema polepole. "Hii shida ingali humu ndani. Kuko kintu sikuambiwa, na sasa nimepoteza fusible yangu ya mwisho juu yake." Alianza kukusanya vyombo. "Minye sitafutaki kwa macho ya kufungwa."

Mayimuna alimtazama baba yake. Alikuwa anatazama mlango. Basi msichana akatia mkono mfukoni, akautoa waya mweusi, akauweka katikati ya meza.

"Papa, unisamehe," alisema. "Mama akipoteza hii foni, akuwe anajua alipoteza sababu ya nini. Tantine, si radi. Fusible zilikuwa zinakatika kila siku. Halafu tukaweka hii."

Alisema "tukaweka". Tantine Delphine aliisikia hiyo "tu", akamtupia Papa Idrissa jicho, kisha akauinamia waya. Papa Idrissa alisimama, akachukua kofia yake, akatoka nje. Mayimuna alitamani kumkimbilia. Aliogopa sana, lakini hakujuta.

"Lete kiti," Tantine Delphine alisema. "Sasa tunaweza kutumika, tuanze kazi. Kama zilikuwa zinakatika mbele ya kuweka shaba, ugonjwa ni wa zamani. Kuko mahali umeme unavuja, na shaba iliuacha uvuje mpaka ukaunguza na majirani."

Hawakuwa na fyuzi tena, kwa hiyo Tantine Delphine alitoa balbu ya kawaida ya nyumbani, akaiunganisha ili umeme upite kwanza ndani ya balbu ndipo uingie kwenye foni. Alimweleza Mayimuna kwamba balbu itawalinda, maana haiwezi kupitisha umeme mwingi. Ikiwaka sana, basi ndani kunavuja. Ikififia, ndani ni salama.

Kisha akamwonyesha kanuni za kubaki hai. Kabla ya kugusa, chomoa umeme. Hata ukichomoa, ndani kuna mikebe midogo iitwayo kapasita inayohifadhi umeme wake na kungojea kidole cha mjinga, kwa hiyo ni lazima kuumaliza umeme huo kwanza kwa kifaa chenye mpini mzuri. Na mkono mmoja ukifanya kazi, mwingine ukae mgongoni.

Waliwasha. Balbu iliwaka kali, kibanda kizima kikaangaza.

"Unaona? Inakunywa umeme kama ngamia," alisema Tantine Delphine. "Sasa tukate njia moja moja."

Wakazima. Tantine Delphine akatenganisha transfoma na sehemu zote zinazoifuata. Hapo Mayimuna aliikazia macho balbu, kwa sababu transfoma ikiwa imeungua, Ricky ameshinda, kitu kama kile hakikupatikana Likasi nzima. Wakawasha. Balbu ilimulika kidogo, ikafifia.

"Transfo iko muzima!" Mayimuna alipiga kelele hata muuza mkaa wa jirani akachungulia.

Walirudisha sehemu moja, wakawasha, wakazima, wakarudisha nyingine, mpaka balbu ikawaka kali tena, wakachomoa. Safari hii Mayimuna ndiye aliyeshika bisibisi na Tantine Delphine akashika taa. Nyuma kabisa, chini ya kibati, msichana aliona kapasita moja iliyovimba kichwani na kutoa uchafu wa kahawia ubavuni. Karibu yake, vipande viwili vidogo vya kugeuza umeme vilikuwa vyeusi kama makaa.

"Huyu njo mwizi," Tantine Delphine alisema akiigusa ile iliyovimba. "Na hawa wawili ni majirani walioungua kwa sababu ya shaba. Fusible ingekuwa fusible, tungebadilisha kapasita moja tu."

Vipuri vitatoka wapi? Madukani hakukuwa na kitu. Lakini kanisani kwa Tantine Delphine kulikuwa na amplifaya iliyokufa, na ndani yake vifaa vingi vilikuwa bado vizima. Alisema ataomba. Mayimuna aliuliza kwa wasiwasi kama watu wa kanisa watakubali kuwapa Waislamu. Tantine Delphine alimkodolea macho.

"Bashangazi ba kwaya yangu bote banakuyaka kuitana na bandugu yao kwa foni ya mama yako. Nani atanikatalia? Ajaribu."

Hakuna aliyejaribu. Ijumaa jioni vipuri vilikuwa mezani. Kapasita mbili ndogo zilifungwa pamoja ili zibebe kazi ya ile kubwa, vile vipande viwili vyeusi vikabadilishwa, na Mayimuna alilehemu viungo viwili kwa mkono wake mwenyewe. Cha kwanza kilitoka vibaya. Tantine Delphine akamwambia akitoe na kukirudia, naye akakirudia mpaka kikang'aa.

Kilichobaki kilikuwa fyuzi. Na hapo mlangoni akasimama Papa Idrissa, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu. Alikuwa amezunguka gereji zote mpaka njia ya Kamatanda, akiomba madereva wamtafutie katika redio zao mbovu. Alifungua kiganja. Kilikuwa na fyuzi nne.

"Tantine Delphine asome namba," alisema kwa sauti ndogo. "Kama hazifai, nitarudi kutafuta zingine."

Mbili zilifaa. Mayimuna alimletea baba yake maji ya kunywa, naye akanywa yote, akamwekea binti yake mkono kichwani.

Jumamosi karibu saa sita mchana Ricky alifika na mizani begani. Watu walikuwa wamejaa kwenye benchi na nje ya mlango, maana habari ya ugomvi huo ilikuwa imelizunguka soko lote. Tantine Delphine aliwasha kwanza kupitia balbu. Ikamulika, ikafifia. Akaiondoa balbu, akatia fyuzi, akarudi nyuma hatua moja.

"Washa weye," alimwambia Mayimuna.

Mayimuna alibonyeza. Fyuzi ilishika. Taa za kioo zilianza kuwa nyekundu, kisha rangi ya chungwa, na mvumo wa hewani ukajaa kibanda.

"Kelele si maneno," Ricky alisema. "Tusikie muntu."

Mayimuna alichukua kipaza sauti. "Allô, allô Kalemie, Kalemie. Likasi anaita. Munanipata? À vous."

Mvumo tu. Alirudia. Mvumo. Ricky aliishusha mizani chini taratibu. Mayimuna alizungusha kitufe cha mawimbi kidogo sana kama mama yake alivyomfundisha, akaita tena kwa nguvu kama mtu anayegombana na hewa yenyewe.

"Likasi, Likasi, nakupata cinq sur cinq, muzuri kabisa!" Sauti ya Mama Aicha ilitoka wazi kabisa. "Mayimuna wangu! Tangu Jumatano Likasi haisikiki hewani. Ninaita, hamujibu. Sikulala. Foni ilikuwa na nini? À vous."

Mayimuna alimgeukia baba yake. Kwa mama yake hangedanganya, lakini jibu hili halikuwa lake. Akamnyooshea kipaza sauti.

Papa Idrissa alikitazama. Alijua kwamba Kongolo wanasikiliza, Kamina wanasikiliza, na wakwe zake wote wamezunguka foni ya Kalemie. Alikichukua.

"Mama Mayimuna, ni minye. Nilitaka kukuambia ni radi. Haikukuwa radi. Fusible zilikuwa zinakatika, nikaweka waya ya shaba. Mutoto alinikataza, sikusikia. Ilipoungua nilificha, na nilikuwa karibu kuiuzisha kwa kilo. Delphine na mutoto wako njo baliiponyesha. Unisamehe. À vous."

Watu wote waliisogelea foni.

"Baba Mayimuna, nimekusikia, na Kalemie yote imekusikia," Mama Aicha alisema. "Ni vizuri umesema mwenyewe. Mengine tutayamaliza nikirudi nyumbani." Watu wakacheka, na Papa Idrissa naye. "Lakini musikie, hata mutoto asikie. Fusible ni kintu kidogo, kazi yake ni moja. Inakataa. Moto ukizidi, inasema hapana, hata kama iko peke yake. Weye ulitoa ile inayokataa, ukaweka ile inayokubali kila kintu, na machine ikaungua. Nyumba iko vile vile. Mayimuna, kama kintu ni kibaya, kataa. Kataa na heshima, lakini kataa, na useme bukweli hata kama sauti inatetemeka. Unasikia, mwanangu? À vous."

"Nasikia, Mama. Cinq sur cinq," Mayimuna alijibu, na machozi yalikuwa yanamtoka wazi mbele ya watu.

Sauti nyingine ikaingia, ya mwanamume, ikikohoa kwa aibu. "Pardon, hapa Kongolo. Hata machine yetu iko na waya ya shaba ndani. Niko naitoa sasa hivi. Nimemaliza, terminé."

Kibanda kizima kikalipuka kwa kicheko. Ricky pia alicheka, akaanza kuikusanya mizani yake ili akatafute fanta alizoahidi. Alikuwa hajafika mlangoni Mayimuna alipomwita.

"Ya Ricky, kaka yangu, ngoja. Ulikuya kununua shaba ya hii foni."

Alichukua ule waya mweusi pale mezani, akauweka katikati ya sahani ya mizani.

"Njo hii. Hakuna ingine. Pima."

Ricky aliutazama ule waya, akamtazama Mayimuna, kisha akashika mizani kwa heshima na kupima.